Vyuma Vitatu vya Sura ya Saba

Kwa miaka kumi na tisa, kila siku ya mapumziko, fundi aliandika kitabu cha makufuli ya kale. Kila kufuli alilifungua mwenyewe, akalipima, akalichora. La kuambiwa hakuliandika, na wenzake karakanani wakamwita Mpaka Nione.

Sura ya saba peke yake ilikuwa ya mdogo wake. Ilihusu kufuli la sanduku la mzee mmoja asiyependa wageni. Mdogo mtu alirudi na mchoro safi: vyuma vitano vyembamba vinavyozuia ulimi usirudi. Mwaka uliofuata akafa kwa kifua. Mjane wake hakuachiwa mtoto. Aliachiwa ahadi ya fundi kwamba jina la mumewe litachapwa.

Kitabu kikikaribia kwenda kiwandani kuchapwa, mzee naye akafariki, na binti yake akamwita fundi aje alione sanduku kabla halijauzwa. Skrubu nne za kifuniko cha kufuli zilikuwa zimeshikwa na kutu. Hazikuwahi kuguswa na bisibisi. Akazilegeza kwa mafuta, akainua kifuniko. Vyuma vilikuwa vitatu.

"Hakuna aliyelifungua kabla yangu?"

"Nani? Baba alimruhusu kijana mmoja alitazame kwa nje tu. Akashukuru mno, maskini."

Fundi akaenda kwa mjane.

"Shemeji, sura ya saba naiandika upya. Vyuma ni vitatu, si vitano."

"Kwa tofauti ya vyuma viwili? Nani atahesabu? Wanunuzi wa kitabu chako wanne, na wewe umo."

"Atakayelifungua baada yangu atahesabu."

Mjane akaacha utani. "Kila jioni ulimuuliza: umeona? umeona? Angerudi mikono mitupu, ungemtazama vipi?"

Fundi alijua angemtazama vipi.

Aliandika sura mpya. Jina la mdogo wake akalipeleka kwenye ukurasa wa shukrani, ambako kila jina liliambatana na kazi ya mwenyewe. Mhariri akauliza, "Huyu alifanya nini?" Fundi akashika kalamu mpaka chai ikapoa. Kila alilotaka kuandika lilikuwa la kubuni. Akalikata jina.

Kitabu kilipotoka, alimpelekea shemeji nakala. Mjane aliipokea mlangoni, akafungua shukrani, akapitisha kidole kwenye majina, mstari kwa mstari, hadi chini. Kisha akarudi juu, akaanza tena.