Ini la Baba na Chai Yangu

Daktari alisema ini la baba limejaa mafuta, kisha akauliza, mlango ukiwa wazi: "Mzee, pombe unatumia?"

Kwenye benchi la nje walikaa watu wa huku kwetu Mponde, wawili kati yao wanaswali naye msikiti mmoja. Baba, ambaye hajawahi hata kukaa meza moja na mnywaji, alichukua kofia yake akatoka. Daktari alikuwa bado anaeleza kwamba sukari na presha vikikaa mwilini miaka mingi, ini nalo huumia, pombe iwepo isiwepo. Maneno hayo niliyasikia mimi peke yangu.

Mwezi ukapita. Vidonge vyake vya sukari na presha vikaisha, baba akagoma kurudi kliniki. Huku kwetu ini ni ugonjwa wa walevi, basi. Msikitini akaanza kukaa safu ya nyuma. Miguu yake ikawa inavimba, nami nachuma chai shambani kama niliyegombana na majani. Niliogopa, na woga wangu siku zote hutoka kama hasira.

Kuna jambo nilikuwa silisemi. Kila asubuhi nilimtilia sukari kwenye chai. Alishakatazwa zamani, lakini nikimpa isiyo na sukari aliimwaga mlangoni na kuninunia kutwa, na mimi kununiwa na baba siwezi. Kliniki wakimuuliza, alijibu hatumii sukari, nami natazama sakafu.

Siku moja uvumilivu ukaniishia.

"Shikamoo, baba. Leo twende ukawaambie hunywi pombe. Ukibaki hapa, ndiyo umekubali."

Aliitazama miguu yake iliyovimba. "Marahaba. Niletee kofia."

Benchi lilikuwa limejaa tena. Baba aliingia, akaacha mlango wazi kwa makusudi, akasema kwa sauti ya kuadhini: "Daktari, pombe sijaionja tangu nizaliwe. Kama kuna kilichoniharibu, ni chai ya binti yangu. Tamu mno."

Nje wakacheka. Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akanigeukia.

"Vijiko vingapi, dada?"

Kicheko cha nje kikakoma. Baba alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anaogopa.

"Vinne," nikasema. "Na akiomba kikombe cha pili, vinne tena."