Jozi ya Kujuta kwa Uchungu

Wasomaji wote wanajulishwa, kwa idhini ya Bodi ya Wahariri, kwamba katika kamusi hii hamna sentensi hata moja iliyobuniwa. Kila mfano umetoka kinywani au kalamuni mwa mtu halisi, katika shughuli zake halisi, na umenakiliwa kama ulivyo bila kuongezwa neno wala kupunguzwa. Tangazo hilo limo ukurasa wa tano wa toleo la mwaka 1994, chini ya picha ya mwenyekiti wa Bodi, bwana mmoja mstahiki ambaye hakuwahi kupanda ngazi kuja ofisini kwetu.

Ofisi ilikuwa Birmingham, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Humo tulikuwa watu tisa, birika moja la umeme, na kompyuta iliyomeza maneno milioni ishirini ya Kiingereza: magazeti, riwaya, hotuba za makanisani, maelezo ya kutumia mashine za kufulia, na maongezi ya watu wa kawaida majumbani mwao. Kazi yetu ilikuwa kutazama maneno yanavyotembea mawili mawili. Kila lugha ina ndoa zake. Sisi Waswahili tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga chafya, na hakuna anayeumia; tunakula kiapo na kula hasara, na hakuna anayeshiba. Kwa Waingereza mvua huwa nzito, na mvutaji sigara naye huwa mzito hata akiwa mwembamba kama ufito. Ukiwauliza kwa nini, watakuuliza kama utakunywa chai.

Enid Tranter alikuwa mmoja wa hao tisa. Alitokea Willenhall, mji wa mafundi wa kufuli, na aliajiriwa kama mpiga chapa mpaka ikagundulika kwamba alisoma haraka kuliko wenye shahada. Akapewa jozi. Kila asubuhi kompyuta ilimtapikia bunda la karatasi yenye mistari ya kijani. Jozi ya siku hiyo imesimama katikati ya kila mstari, na kushoto na kulia maneno machache yaliyozunguka, basi. Mstari ulikuwa na nafasi ya herufi themanini. Zikijaa, mashine ilikata papo hapo, awe anaongea askofu au mlevi. Enid alisoma mistari yote, akachagua mmoja, akaomba sentensi yake nzima kutoka kwenye mashine, akaiandika kwenye kadi pamoja na namba ya mahali ilipotoka. Namba ndiyo iliyokuwa dini ya ofisi ile. Sentensi bila namba haikuwa sentensi.

Mumewe, Horace, alikuwa amefariki Januari 1991, akiwa na miaka sitini na mmoja, ameinama kwenye kishamba chake cha mboga nje ya mji, katikati ya tuta la vitunguu. Alikuwa ametengeneza kufuli miaka thelathini na saba. Kuhusu ndoa yao hakuna mengi ya kusimulia, maana Horace mwenyewe hakusimulia. Lililofahamika ni hili: mwaka 1962 walikuwa wamepata karatasi za kuhamia Kanada. Masanduku yalishafungwa na kuandikwa majina kwa rangi nyeupe. Alhamisi ya wiki ya mwisho Horace alirudi kutoka kiwandani, akanawa mikono, akasema, "Hatuendi," akaketi kula maini na viazi. Enid akafungua masanduku. Alimuuliza sababu mara moja tu, akajibiwa kwamba chai imepoa. Miaka ishirini na tisa iliyofuata waliongea juu ya mambo mengine.

Jumanne moja ya Februari 1993 jozi ya siku ilikuwa kujuta kwa uchungu. Kwa Waingereza ni jozi ya kudumu: hawajuti kwa nguvu wala kwa moyo, hujuta kwa uchungu, na mara nyingi ni wanasiasa. Mistari ilikuwa mia mbili na kumi na miwili. Enid aliipitia akiwa na biskuti mkononi. Kwenye mstari wa mia moja na arobaini biskuti ilibaki mkononi.

*si mtu wa maneno, ila kwa kufuli saba, ninachokijutia kwa uchungu ni ile siku*

Hapo mashine ilikata.

Kufuli la vyuma saba ndilo lililokuwa bora kabisa kiwandani kwao, na Horace, kila alipotaka kuaminiwa, aliapa kwa kufuli saba badala ya kumtaja Mungu, ambaye hakutaka kumsumbua. Hakuna Mwingereza mwingine aliyeapa hivyo. Enid alihakikisha: aliiambia kompyuta itafute maneno hayo katika milioni zote ishirini, nayo ikajibu, baada ya dakika nne, kwamba yapo mara moja.

Alinionyesha karatasi, kwa kuwa meza yangu ilitazamana na yake.

"Ni Horace," alisema. "Nataka kujua ni siku ipi."

"Bonyeza upate sentensi nzima."

"Nimebonyeza."

Kioo kilikuwa kimeandika kwamba maongezi ya majumbani hayafunguliwi. Mwaka 1990 watu mia moja hivi walikuwa wamepewa vinasa sauti vya kuvaa kiunoni kwa wiki moja, warekodi maisha yao, na ili wakubali waliahidiwa kwamba majina yatafutwa na kwamba hakuna mtu atakayesoma maongezi yao zaidi ya kipande cha herufi themanini. Ahadi ilikuwa nzuri. Ilitimizwa.

Siku, basi. Enid alikuwa na mbili kichwani. Ya kwanza ni siku ya harusi yao, Jumamosi ya mvua, mwaka 1955. Ya pili ni ile Alhamisi ya maini. Kama Horace aliijutia Alhamisi, basi wote wawili walikuwa wameomboleza kitu kimoja katika nyumba moja, kila mmoja kwenye kiti chake. Kama aliijutia Jumamosi, basi miaka thelathini na sita Enid alikuwa amepika chakula cha mtu aliyekuwa akitumikia kifungo. Hayo alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Alikwenda kwa Dokta Pargeter, mkuu wa ofisi, mtu mpole aliyeogopa wanawake wenye karatasi.

"Bi Tranter," alisema Dokta, "ningependa sana kukusaidia."

"Basi nisaidie, Dokta."

"Faili zima liko kwa Bodi. Linafunguliwa kwa idhini ya maandishi ya aliyeongea."

"Aliyeongea yuko makaburini."

"Ndiyo. Nimesikitika sana." Alitazama fomu ya idhini pande zote mbili, kama vile huenda marehemu wamewekewa nafasi nyuma. "Hapa hapajaandikwa kitu kuhusu hilo."

"Mimi ni mke wake. Nilimfulia soksi."

"Sina shaka, Bi Tranter. Lakini majina yamefutwa, unaona. Kwa mujibu wa faili, yule si mtu yeyote."

Aliandika kwa Bodi hata hivyo. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwenye karatasi nene. Bodi ilimpa pole kwa msiba. Kwa kuwa utambulisho wa msemaji haukuweza kuthibitishwa bila kukiuka ahadi ya kutomtambulisha, Bodi haikuweza kumhesabu mwombaji kuwa jamaa wa msemaji. Mkanda wenyewe, namba 0417, ulikuwa umefutwa na kutumiwa tena, kwa sababu za kubana matumizi. Nakala iliyochapwa ingebaki imefungwa kwa miaka sabini na mitano. Enid alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alipiga hesabu pembeni ya barua, kwa penseli, kisha akaifuta.

Kilichobaki ni aliyevaa kinasa. Huyo hakuwa fumbo: mwaka ule Wilf Bayliss, jirani wa Horace kule kwenye vishamba vya mboga, alitembea wiki nzima na kidude kiunoni akimwambia kila mtu kwamba ameajiriwa na majasusi. Enid alinichukua twende naye Jumapili moja, kwa kisingizio kwamba mimi ninajua kuuliza maswali. Nilibeba keki.

Wilf alikuwa na miaka sabini na sita, na kifaa cha kusikilizia kwenye sikio moja. Alitukaribisha kwenye kibanda chake cha majembe.

"Enid, bibiye! Umekuja kuniposa hatimaye?"

"Sina shida kiasi hicho, Wilf."

"Na huyu nani? Ndiye mshindani wangu?"

"Ni wa kazini. Wilf, sikiliza. Ile wiki uliyovaa kinasa. Horace aliongea na wewe?"

"Horace kuongea? Horace alikuwa anakohoa tu, nami natafsiri."

"Aliongea. Alisema kuna siku anaijutia kwa uchungu. Akaapa kwa kufuli saba."

Wilf aliacha kutafuna keki. Kwa muda uso wake ulikuwa na kitu ndani, kama dirisha ambalo mtu amepita nyuma yake.

"Ilikuwa Jumamosi," alisema. "Enhe. Alikaa pale pale alipokaa huyu wa kazini kwako. Mamaa, aliongea! Robo saa nzima, bila kunitazama. Nikasema moyoni, leo mzee kapatwa na nini."

"Alisema nini?"

"Nilikuwa na redio, mama'angu. Italia walikuwa wanacheza."

Enid aliweka kipande chake cha keki chini.

"Kombe la dunia," Wilf alifafanua, ili haki itendeke. "Na betri za sikio zilikuwa zinakaribia kwisha. Nilikuwa namwitikia tu, ndiyo mzee, kweli mzee. Mwisho akasimama, akasema, 'Afadhali nimesema, Wilf,' akaenda kumwagilia maharage."

"Afadhali nimesema."

"Ndivyo alivyosema. Hilo nililisikia, redio ilikuwa kwenye matangazo." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kwani lilikuwa jambo la maana?"

"Sijui," alisema Enid. "Ndiyo maana nauliza."

"Basi angekwambia mwenyewe, bibiye. Angekuwa na la kukwambia, si mlikuwa mnalala kitanda kimoja?"

Alisema hivyo kumfariji. Njiani kurudi Enid alitembea mbele yangu, na kwenye geti la vishamba alisimama akafunga vizuri komeo ambalo wengine wote waliliacha wazi, kisha tukaendelea.

Kazi haikungoja. Mwezi wa tano Dokta Pargeter alipita mezani akikusanya kadi za herufi aliyopewa Enid, na kadi ya kujuta haikuwepo. Mistari mingine mia mbili na kumi na mmoja ilikuwepo, yenye afya, mingi ya mawaziri. Ingemchukua Enid dakika tatu kuchagua mmoja.

"Kesho, Dokta," alisema Enid.

Kesho yake kadi ilikuwepo, imeandikwa kwa mwandiko wake wa mpiga chapa, ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Niliisoma kabla haijaondoka. *Ninachokijutia kwa uchungu ni ile siku tuliyofungua masanduku.* Pembeni, kwa wino mwekundu kama ilivyotakiwa: mkanda 0417.

"Enid," nilisema.

"Nini."

"Hii umeipata wapi?"

"Soma namba."

Nilisoma namba. Kila kadi ilikaguliwa na msichana mmoja wa Bodi, makini sana, aliyekuja Ijumaa kwa treni. Aliangalia kama mkanda upo kwenye daftari, upo. Aliangalia kama jozi imo kwenye mkanda huo, imo. Aliangalia kama mwanzo wa sentensi unalingana na mstari wa mashine. Unalingana, neno kwa neno, mpaka pale mashine ilipokata. Yaliyobaki yalikuwa chini ya ulinzi wa ahadi, na msichana hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Akapiga muhuri. Kadi kumi na saba za watu wengine zilirudishwa siku hiyo kwa makosa ya koma.

Kamusi ilipotoka tulipewa nakala moja moja na glasi ya mvinyo mtamu. Wengine walitafuta majina yao kwenye ukurasa wa shukrani. Enid alifungua herufi yake, akasoma mstari wake mara moja, akafunga.

"Sasa umeipata kwenye kitabu," nilimwambia, nikidhani nasema jambo jema.

"Haisaidii," alisema. "Naijua ilikotoka."

Akamalizia mvinyo, akaosha glasi yake na ya Dokta, na Jumatatu akaanza jozi mpya. Alistaafu mwaka 1996. Nyumba ya Willenhall aliiuza, akahamia kwa dada yake Rhyl, pwani, ambako mvua huwa nzito. Aliniandikia kadi mbili za Krismasi. Hazikuwa na habari.

Toleo la pili lilitayarishwa bila yeye. Mashine mpya ilikuwa na maneno milioni mia mbili, na ili kuanzia na msingi imara Bodi iliingiza kwanza mifano yote iliyokwisha kuthibitishwa ya toleo la kwanza. Tangazo la ukurasa wa tano lilirudiwa bila kubadilishwa. Katika hesabu mpya, iliyofuata namba ya mkanda, sentensi ya masanduku imeorodheshwa chini ya msemaji wa kiume, miaka sitini na mmoja, fundi wa kufuli.