Dizeli Iliyolala Masika

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa pale Mbinga hakunionyesha mashine yoyote. Alinipa chupa ya kioo yenye dizeli, akaniambia niiweke dirishani nikae nayo. Nilikuwa binti aliyetoka kijiji cha Ukata na cheti cha ufundi, ovaroli imenizidi urefu, wanaume wa karakana wakinitazama. Baadaye alirudi.

“Umeona nini, Tekla?”

“Mafuta, mzee.”

“Na chini yake?”

Chini palikuwa na mstari mwembamba wa maji.

“Injini haijui kuyatenganisha hayo,” alisema. “Hiyo ndiyo kazi yako.”

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alinifundisha kwamba dizeli ikilala muda mrefu hugeuka rangi, hunuka uchachu, na pale inapokutana na maji huota ute mweusi unaoziba filta, yaani chujio lililo kati ya tangi na injini. Pipa tulililaza kivulini. Likisimamishwa mvuani, maji hutuama juu ya kizibo, na chuma kikipoa huyavuta ndani. Mafuta yaliyotangulia kuja yalitangulia kutumika. Na jiko la mkaa halikukaribia stoo, hata kwa chai ya Meneja.

Kutoka hapo nilipelekwa ufukweni mwa ziwa, katika hospitali moja upande wa Lundo, kutunza jenereta na stoo ya mafuta. Mkubwa wangu alikuwa Mganga Mfawidhi, daktari wa maneno machache ambaye ndiye pia aliyefanya upasuaji. Nje, kando ya ukuta wa stoo, nilikuta mapipa mawili yamesimama, yaliyoachwa na watu waliojenga barabara. Nilipouliza, niliambiwa ni ya dharura. Niliyalaza chini ya paa, lakini sikuyagusa. Kila mara lori lilileta mafuta mapya.

Masika moja lori halikufika. Barabara ya kuteremka kutoka Mbinga ilikuwa imekatwa na maporomoko, ziwa nalo limechafuka, hakuna boti iliyothubutu kutoka. Umeme ulikuwa umekatika. Asubuhi moja wakamleta mama mmoja kutoka Tingi, Edina, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mumewe alisimama barazani na matope hadi magotini.

Mganga Mfawidhi alinikuta kwenye jenereta.

“Mama Tekla, mafuta yanatosha?”

“Ya kuanza yapo, daktari. Ya kumaliza hayapo.”

“Na yale mapipa?”

“Sijayajaribu. Yanaweza kuizima katikati ya kazi.”

“Yajaribu. Huyu mama hawezi kusubiri. Mimi naanza.”

Pipa la kwanza lilinuka petroli nilipofungua tu kizibo. Dizeli yenye petroli huwaka kwa cheche ndogo, nikalifunga na kulisukumia mbali. La pili lilikuwa jeusi kama chai iliyochemka mno, ila harufu yake ilikuwa ya dizeli. Nilifunga mpira wa kunyonyea kwenye fimbo ili usifike kwenye machicha ya chini, nikavuta mafuta ya juu tu, nikayachuja kwenye flana nzito iliyokunjwa mara mbili. Kwenye chupa yalionekana safi. Lakini jicho halioni kila kitu, na jenereta ile ilikuwa moja.

Nilibeba dumu hadi kwa jirani yetu, Mzee Shabani, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikuwa na mashine ya kusaga inayotumia dizeli.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba nijaribu mafuta kwenye mashine yako. Ni ya zamani. Yanaweza kuua nozeli,” nikimaanisha kile kipua kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini. “Kuna mama yuko mezani anapasuliwa.”

Kinamama walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Mzee Shabani aliwatazama, akaitazama mashine inayolisha nyumba yake. Kisha akafunga koki ya tangi lake.

“Weka.”

Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. “Mwaga mahindi,” nilimwomba, kwani injini isiyo na mzigo haisemi ukweli. Ilisaga ndoo nzima bila kuyumba. Nilikimbia.

Hospitalini niliyachanganya mafuta ya pipa na mabaki ya mafuta mapya. Jenereta iliyapokea vizuri, halafu mlio ukaanza kupanda na kushuka. Filta ilikuwa inaziba. Nilikwenda kwenye dirisha la chumba cha upasuaji.

“Daktari, lazima nizime nibadili filta.”

“Bado,” alijibu bila kugeuka. “Mtoto hajatoka.”

Nilirudi nikashika pampu ya mkono, ile ndogo inayosukuma mafuta kwenye filta, nikaisukuma kwa kidole gumba huku injini ikiunguruma. Mlio ukishuka, naongeza kasi. Kidole kilikufa ganzi, nikashika kwa kingine. Mwishowe nesi alitoa kichwa dirishani.

“Ametoka. Zima, ila upesi, bado wanamshona mama.”

Nilizima. Ndani walitumia mwanga wa dirisha. Nikabadili filta, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikasukuma mpaka mapovu yakaisha. Nikawasha, ikakataa. Nikawasha tena, ikashika.

Edina aliondoka hospitalini kwa miguu yake, binti yake mgongoni. Siku chache baadaye nozeli ya Mzee Shabani iliziba kweli. Nilipokwenda kumtengenezea, aliniuliza jambo moja tu: “Mtoto anaendeleaje?”

Sasa nimestaafu. Umeme wa gridi unakatika mara chache, na vijana huniambia kazi imekuwa rahisi. Mimi naona kinyume. Jenereta isiyowashwa mara kwa mara ndiyo ambayo mafuta yake yanazeeka bila mtu kujua. Nawaambia: ondoeni maji chini ya tangi, iwasheni ikiwa na mzigo, machicha msiyamwage ziwani.

Juzi nilikwenda kule hospitalini kupima presha. Nikiwa kwenye benchi na wenzangu, taa zikazimika. Wao waliendelea kuzungumzia bei ya mahindi. Nesi aliita jina langu, sikuitika. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi, nikisikiliza upande wa stoo. Jenereta iliposhika na mlio ukatulia, nikasimama.