Nyasi Mdomoni mwa Mashine

Ninachotaka kukusimulia hutakiamini, na sitakulaumu, maana hata mimi niliyekuwepo kuna vipande navitilia shaka. Ni habari ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, fundi wa viyoyozi, ambaye nyumbani tunamwita Kimbunga. Jina nilimpa mimi, akiwa bado anatambaa. Majina yote mazuri ya ukoo huu nimeyatoa mimi, ulizia.

Kimbunga akikasirika hapigi kelele. Anapanga vifaa. Ukimwona anazilaza bisibisi sakafuni, kubwa kwa ndogo, chukua kofia yako uende zako.

Kazi yake ni kusafisha mabomba ya hewa, yale mapana ya bati yanayopita juu ya dari na kugawa hewa kila chumba. Anazima mashine kwanza, anaziba matundu kwa nailoni, halafu anaingiza brashi yenye shingo ya twiga huku kifaa cha kunyonya vumbi kikinguruma upande wa pili. Anayoyatoa humo usiulize ukiwa unakula: nywele, mbawa za mende, na chavua ya maua, vumbi la manjano ambalo likimwingia mwenye aleji puani, siku yake imekwisha.

Na mwenye aleji yuko nyumbani kwake mwenyewe. Ni mama yake, dada yangu. Msimu wa maua ukifika macho yanamvimba, pua inakuwa bomba lililopasuka, kisha kifua kinaanza kupiga filimbi, na usiku analala ameketi, maana akijilaza anakosa pumzi. Kimbunga alifanya yote. Madirisha yalifungwa tangu asubuhi. Mapazia mazito yalitolewa. Nguo hazikuanikwa nje. Mabomba ya dari aliyasugua mpaka ungeweza kunyolea ndevu humo. Wapi! Alivyozidi kusafisha ndivyo mama alivyozidi kukosa pumzi.

Ndipo kaka yake mkubwa akaja na gari kumchukua mama. Huko kwake ni safari ya siku nzima, mkewe anashinda kazini, watoto wamehama. Dada yangu angebaki na televisheni tu. Hakutaka kwenda. Lakini mtu anayetafuta pumzi hana nafasi ya kubishana, alikaa tu kwenye kochi akitutazama kwa zamu.

Kaka mtu alisimama katikati ya sebule, begi la mama mkononi. "Mdogo wangu, wewe si ndiye fundi wa hewa? Za watu baki unasafisha, ya mama imekushinda. Au mpaka alete maombi ofisini kwenu?"

Kimbunga akachuchumaa, akaanza kupanga bisibisi. Mimi nikaanza kutafuta kofia.

"Mjomba, shika ngazi."

Nikashika. Akapanda, akafungua kimia cha dari, kile cha kutolea hewa, juu ya kitanda cha mama, akazamisha mkono. Ulipotoka ulikuwa na unyasi mbichi, wenye shuke lake la maua. Alipoutikisa, vumbi la manjano likanimwagikia usoni nikapiga chafya iliyosikika mpaka barabarani.

"Hii nini, Mjomba?"

"Nyasi."

"Nyasi zinaota darini?"

"Labda umekuwa ukizimwagilia."

Hakucheka. "Humu nimesafisha juzi. Kitu kibichi kimeingia kutoka juu."

"Usibadilishe mada," akasema kaka yake. "Jua linapanda, mimi nina safari."

"Kaka, weka begi chini."

"Nimesema nina..."

"Weka. Begi. Chini."

Likawekwa.

Sasa elewa jengo lenyewe. Juu ya paa kuna mashine moja kubwa inayovuta hewa ya nje na kuisukuma kwa wapangaji wote. Mlango wa paa una kufuli, na ufunguo anao msimamizi wa jengo, bwana anayetembea na funguo kiunoni zikilia kama njuga. Kila msimu Kimbunga alimwomba apande akague, na kila msimu jibu lilikuwa moja: paa si la wapangaji, nalikagua mwenyewe.

Tukamkuta mlangoni kwake.

"Andika barua," akasema.

Kimbunga akamwinulia ule unyasi mpaka kwenye pua. "Umetoka chumbani kwa mama yangu. Unafungua, au nifungue?" Mkono wa pili ulikuwa na spana ya urefu wa mkono. Bwana yule akakumbuka ghafla kwamba yeye ni mtu wa kusaidia watu.

Paani sikuamini macho yangu. Mdomo wa mashine, pale inapovutia hewa, ulikuwa umetundikwa matita ya nyasi zilizokatwa zikiwa na maua, yamefungwa kwa kamba, safi kabisa, kama duka. Mashine inavuta, nyasi zinacheza, vumbi la manjano linaingia ndani. Chujio lake lilikuwa limelazwa sakafuni, viatu vya msimamizi vinakauka juu yake.

"Ni za sungura wangu," akasema, tena kwa majivuno. "Hapa zinakauka upesi. Upepo wa mashine ni mzuri ajabu."

"Na chujio?"

"Lilikuwa linazuia upepo."

Hapo ndipo nilipomsikia Kimbunga akipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Linazuia! Si ndiyo kazi yake? Mama yangu anapumua chakula cha sungura! Mimi nafagia njia chini, wewe unamwaga juu, na nikifagia vizuri ndivyo vumbi linavyomfikia upesi! Halafu unakutana naye kwenye ngazi, 'Pole mama, msimu huu mbaya.' Pole yako niweke wapi?"

Kaka yake alikuwa amefika, anahema, akaona pa kujikosha. "Huyu mtu ashtakiwe!"

"Wewe nyamaza! Ulikuja kuchukua, hukuja kuuliza."

Kisha akapewa ndoo. Alibeba maji akiwa na viatu vyake vya kung'aa, suruali imekunjwa, huku Kimbunga amezima mashine, anang'oa matita, anasugua ule mdomo kama mtu anayeufuta matusi. Chujio jipya likawekwa, na mabomba ya chini yakarudiwa upya. Kaka mtu akaondoka peke yake. Msimamizi bado anasalimia kwenye ngazi. Bado hajajibiwa, na mimi pia simjibu, ingawa mimi huwa najibu hata matangazo ya redio.

Na dada yangu? Filimbi ya kifua ikaanza kufifia, ikakata. Asubuhi moja akashuka ngazi zote bila kushika ukuta, akapanda tena mbio, mimi nimo mgongoni mwake, na alipofika juu akavuta pumzi moja tu, akaipuliza, mlango wa msimamizi ukang'oka na sungura wote waka...

"Mjomba." Kimbunga yuko nyuma yangu, anasoma juu ya bega. "Mama alikubeba lini? Alishuka ngazi chache akapumzika. Futa hayo. Andika kwamba alilala chali mpaka asubuhi, mara ya kwanza msimu huu. Hilo peke yake linatosha."