Sare Nyeupe ya Binti wa Dobi

Jumapili, tarehe 9 Mei. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu ya hapa na pale, upepo mwembamba kutoka upande wa barabara.

Dobi wa nyumba ya kona, ambaye wateja humwita Mama Nyoosha, alikuwa amefua mashuka ya watu wiki nzima. Saa tisa alasiri ndipo alipoikumbuka sare ya binti yake, muuguzi mpya, aliyetakiwa kuripoti kazini kesho yake saa moja asubuhi. Sare yenyewe ilikuwa moja tu. Kinyozi hajinyoi, na dobi naye hajifulii.

Aliifua chapuchapu, akaitundika kwenye chumba cha kupigia pasi, akatoka kupeleka furushi la mteja. Aliporudi alikuta madirisha yamefungwa, majiko mawili ya umeme yamewashwa, na wifi yake, dada wa mumewe, ameketi katikati akitoka jasho kama mtungi mpya.

"Nimekusaidia, wifi. Nimeuzuia unyevu wa nje. Humu sasa ni jua la mchana."

Dobi akashika mkono wa sare: chapachapa. Vioo vya madirisha vilikuwa vinatiririka.

"Na unyevu wa ndani utokee wapi, wifi, nawe umeufungia?"

"Joto ndilo linalokausha. Hata mtoto anajua."

"Joto linayaondoa maji kwenye nguo, haliyatoi nyumbani. Hewa hii imeshiba kama ulivyoshiba wewe. Nikikuongezea sahani utakula?"

"Inategemea kuna nini."

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka, kisha akaitazama saa ya ukutani, kicheko kikamwisha. "Mama, siku ya kwanza nitaenda na nini?"

Dobi alizima majiko, akafungua madirisha ya pande zote mbili ili hewa iingie huku na kutokea kule. Akaitandaza sare juu ya taulo kavu, akavikunja pamoja kama mkeka.

"Panda, wifi. Leo uzito wako una kazi."

Wifi alipanda, akakanyaga, huku akiapa kwamba hajawahi kutukanwa kwa heshima namna ile. Taulo likanywa maji. Kisha mpini wa ufagio ukapitishwa mikononi mwa sare, ikatundikwa imetanua mabawa kati ya dirisha na dirisha, maana nguo iliyojikunja huficha maji yake. Feni ikawekwa chini yake.

Kufikia saa moja jioni ilikuwa imekauka. Wifi aliipapasa pindo kwa pindo akitafuta hata tone moja la kujitetea. Hakulipata.

Asubuhi yake dobi aliamka saa kumi na moja, akapasha pasi moto, akachovya vidole kwenye bakuli na kuanza kuinyunyizia sare maji.

"We!" wifi alimaka mlangoni. "Jana nimekanyaga taulo mpaka magoti yananiuma, leo unailowesha?"

"Maji ya jana yalikuwa mgeni asiyejua kuaga. Haya nimeyaita mwenyewe, yalainishe mikunjo kisha yaondoke na mvuke."

Pasi ikapita, fsss, mikunjo ikalala. Binti akavaa. Dobi alimfunga kifungo cha juu, akamsindikiza mpaka getini, kisha akarudi ndani kufungua madirisha yaliyofungwa usiku, mvuke wa pasi utoke.