Umepona, Acha Vidonge

Juzi hospitalini, hapa Singida mjini, mama mmoja wa Ihanja alisukumiwa dirishani karatasi ya vipimo vya tezi ya shingo. Mhudumu hakuinua hata macho. "Homoni zako ziko sawa, mama. Umepona."

Mama akapiga kigelegele, akachomoa vidonge vyake vya homoni mkobani, akampa jirani yake wa benchi, mwenye shingo iliyovimba. "Chukua, mdogo wangu. Mimi ndiyo basi tena."

Mimi niliyeketi benchi hilo hilo nilivipokonya kabla havijamfikia. "Shikamoo mama, samahani. Ziko sawa kwa sababu unavimeza! Muulize daktari kwanza."

Sasa mhudumu akainua macho. "Wewe ni daktari?"

Si daktari. Mfugaji wa Kintinku naye si daktari, lakini havunji zizi eti kwa sababu fisi hajala mbuzi.