Maharage Aliyoyaahidi Fundi Kesho

Katika ukoo wa marehemu mume wangu hakuna mlevi, hakuna mwizi, wala hakuna aliyewahi kufukuzwa shule. Kulikuwa na doa moja tu, nalo liliishi uani kwangu, katika vyumba viwili vya nyuma. Ni shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, fundi wa nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho.

Jina hilo hakubambikiwa. Ukimpelekea kitambaa cha suruali alikipapasa, akakisifu, akakupima kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, kisha akakwambia, "Njoo kesho." Ukija kesho unakikuta kitambaa palepale mezani, kimechorwa chaki, hakijakatwa. Si kwamba kazi hakuijua. Mshono wake ulinyooka kuliko wa mafundi wenye maduka ya vioo. Tatizo lake lilikuwa mkasi. Aliushika, akauweka, akapima upya, akafuta chaki, akachora tena.

"Shemeji," aliniambia nilipomgombeza, "nikikosea mstari nitaufuta. Nikikosea kukata, nitamwambia nini mwenye nguo?"

Basi mteja akionekana kwa mbali, yeye alitokea mlango wa nyuma, akapita jikoni kwangu kama upepo, akaniachia mimi kazi ya kueleza. Nilisema ameitwa msibani. Kwa jinsi nilivyosema mara nyingi, shangazi zake wote walikwisha kufa na wengine walikufa mara mbili. Mimi nimefundisha watoto wa watu hadi nikawa mwalimu mkuu. Hebu fikiria nikisimama mlangoni na kudanganya watu wazima kwa ajili ya suruali.

Hakuwahi kuoa. Lakini ng'ambo ya ukuta wetu aliishi muuguzi mmoja aliyestaafu, ambaye sote tulimwita Sista. Huyo alikuwa kinyume chake kabisa. Dawa ya saa mbili kwake ilikuwa ya saa mbili, na hata paka wake alikula kwa saa. Sijui walipatanaje. Jioni walisimama kila mtu upande wake wa ukuta, wakicheka kama watoto. Siku moja nikiwa naanika nguo, nilimsikia shemeji akijikaza kisabuni.

"Sista, mimi na wewe tunazeeka kila mtu kwake. Kwa nini tusizeeke pamoja?"

"Bwana fundi, sketi yangu ya kijivu iko wapi?"

"Inakuja."

"Ilianza kuja nikiwa bado kazini."

Wakacheka, halafu Sista akaacha kucheka. "Kukupenda nakupenda, sitakuficha. Lakini mume ambaye nikimuuliza atarudi lini ananiambia kesho, huyo simwezi. Niahidi kitu kimoja, chochote kile, na siku yake uitaje mwenyewe. Siku hiyo ikifika tutazungumza. Ukinikimbia kama unavyowakimbia wateja wako, basi tubaki majirani, na habari hii tusiirudie tena."

Mtu mwenye akili zake angesema sketi. Lakini sketi inataka kukatwa. Shemeji akatazama huku na huku, akaona kipande cha ardhi tupu nyuma ya jiko langu, akasema, "Nitakuletea bakuli la maharage mapana. Mabichi, niliyoyachuma mwenyewe. Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa."

Sista alikuwa amemsimulia habari za maharage hayo mara nyingi: bibi yake aliyapanda, punje zake ni bapa na kubwa kama kucha ya dole gumba, na ganda lake ndani lina manyoya meupe laini kama pamba ya hospitali.

"Yako wapi hayo?" akauliza.

"Bado sijapanda."

Nilikaa kitako juu ya beseni la nguo. Duniani kuna watu wanaoahidi wasichonacho, lakini kuyawekea maharage siku kama suruali, wakati mbegu ziko bado dukani! Hilo lilihitaji mtu wa ukoo wetu.

Sitamsema vibaya kwa namna alivyoyalea. Yale ni maharage ya ubaridi, nao ubaridi ulikuwa unaanza. Akalima tuta, akalilainisha, akavuta uzi, akalaza futi yake ya kupimia nguo pembeni na kupanda kila mbegu shubiri moja kutoka nyingine, kwa kina cha kidole. Yakaota. Yakasimama na mashina yake yenye pembe nne. Yalipofika magotini akachomeka vijiti kulizunguka tuta, akayafunga kwa vipande vya bitana ili upepo usiyaangushe, upande huu bitana nyekundu, upande ule ya zambarau. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akidai kaunda suti yake tangu mwaka uliopita, alichungulia ukutani akapiga makofi.

"Fundi! Maharage yamevaa, mimi natembea uchi!"

"Njoo..." akaanza shemeji.

"Usiniambie!" akasema mwalimu, akaenda zake.

Maua yakaja, meupe yenye doa jeusi katikati kama jicho lililopakwa wanja. Nyuki wakaja. Shemeji akahamishia kigoda chake huko, na wateja wakawa wanamkuta bustanini, jambo lililonipunguzia misiba. Tukaanza kuona vijiganda vya kwanza chini kwenye shina, vimesimama wima kama vidole vya mtoto.

Ndipo vidukari wakaingia. Ni wadudu wadogo weusi, wanaokaa kwenye ncha laini za juu na kunyonya hadi jani linajikunja. Dawa yake inajulikana, na mwenye duka la mbegu alimwambia, nami nikamwambia: vijiganda vya chini vikishatokea, kata zile ncha. Mdudu anakosa pa kukaa, na nguvu ya mmea inashuka kwenye maganda.

Akaleta mkasi. Akainama. Akaishika ncha ya kwanza, akautazama ule mche mbele na nyuma, akauweka mkasi chini.

"Je, ikiwa ncha hii ndiyo ingezaa zaidi?"

"Shemeji, kata."

"Ngoja kwanza nijaribu kuwaosha."

Akawaosha. Kila asubuhi alichukua maji ya sabuni na kitambaa, akafuta jani moja moja kama anayemwogesha mgonjwa. Na kila jioni vidukari walikuwa wamerudi, maana sisimizi wanapenda ule utamu wanaoutoa, na huwalinda kama mifugo. Maua yakaanza kupukutika. Maganda yakagoma kunenepa. Mimi nilikwishanyamaza, nimefundisha muda mrefu, najua mtoto asiyesikia alivyo.

Asubuhi moja Sista alipita akamsalimia juu ya ukuta. "Maharage yangu hayajambo?"

"Hayajambo. Yanakuja."

Sista aliinamisha kichwa kidogo tu, akaendelea na safari yake. Shemeji alibaki amesimama na kitambaa chake kinachotona maji. Nadhani alijisikia mwenyewe akisema yanakuja, kama alivyosema kwa ile sketi. Alikwenda chumbani, akatoka na mkasi mkubwa wa kukatia makoti, akakata ncha zote, safu ya kwanza na ya pili, bila kupima. Chai yangu haikuwahi kupoa. Alipomaliza jasho lilikuwa likimtiririka kana kwamba amebeba magunia.

Mimea ikapona, vidukari wakatoweka. Lakini siku zilizopotea hazikungoja mtu. Jumamosi ile ilipofika, maganda yalikuwa membamba kama penseli, na ndani yake punje ndogo kama dengu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri. Mtaa mzima ulikuwa unajua ahadi ile, na shemeji ana jina moja la ukoo na mimi na wanangu. Kulipokucha nikachukua kikapu, nikaenda sokoni kwa mwanamke mmoja anayeleta mboga kutoka milimani, nikanunua maharage mapana yaliyoshiba, nikayapanga kwenye bakuli langu la kauri na kuyafunika majani machache ya tutani. Nikampelekea.

Akayatazama. "Haya ni mazuri kuliko yangu."

"Ndiyo maana nimeyanunua."

"Si niliyoahidi, shemeji."

"Atajuaje?"

"Mimi nitajua. Kila atakapoyasifu nitatafuta mlango wa kutokea."

Akaingia chumbani kuvaa koti. Nikakaa sebuleni. Baada ya kitambo nikasikia mlango wa nyuma ukilia kwenye bawaba zake, nikajisemea, basi, amekimbia, ukoo umekwisha. Nikainuka nimwite. Nikamkuta tutani, koti limepigwa pasi, akichuma maganda yake membamba na kuyaweka kiganjani. Alinipita, akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa barabarani, mchana kweupe. Nikakimbilia dirisha la sebule, linaloitazama baraza ya Sista. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama barabarani na baiskeli yake. Wengine walikuwa wanajifanya kufagia.

Sista alikuwa barazani kwake, amevaa vizuri, saa mkononi. Shemeji akasimama mbele yake.

"Sista, leo ndiyo siku niliyoitaja. Maharage hayako tayari. Nilichelewa kukata ncha, kosa ni langu. Yaliyopo ni haya."

Sista akachukua ganda moja, akalipasua, akatazama ndani. "Haya hayamtoshi hata njiwa."

"Hayamtoshi."

"Na umekuja."

"Nimekuja."

"Lini yatakuwa tayari?"

Fagio zote mtaani zikasimama. Mimi nilishika chuma cha dirisha. Shemeji akayatazama maganda kiganjani.

"Sijui," akasema. "Nitakuja kila asubuhi nikwambie yalipofikia."

Sista akacheka mpaka akashika nguzo. "Kila asubuhi? Majirani watasema nini, mwanamume kuja kila asubuhi?"

"Waseme nimeoa."

"Hebu kaa kwanza," akasema Sista, akamsogezea kiti. "Umesimama kama unadaiwa."

Akakaa. Mwalimu wa hesabu akapiga kengele ya baiskeli, nami, kwa kuwa bakuli la maharage ya sokoni lilikuwa limejaa na kule barazani watu walikuwa tayari wamekaa, nikawasha jiko niyapike.